Je, Mwaka Ujao Utakuwa Mwema?

Kuna neno moja tunalolisema sote kila tarehe 31 Desemba, wala hatufikiri sana tunapolisema. Twashikana mikono na kuambiana: "Mwaka ujao utakuwa mwema." Leo nataka tulitazame neno hilo kwa utulivu, kwa sababu mimi mwenyewe nililisema siku moja hapa kwetu Nyamianda, nikapewa jibu ambalo sijalisahau mpaka leo.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2020. Mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Tarehe 10 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa kule Kinshasa. Siku chache baadaye makanisa yalifungwa, mpaka wa kwenda Bujumbura ukafungwa, na akina mama waliozoea kuvuka pale Kavimvira na mizigo yao wakabaki nyumbani, mikono mitupu. Pasaka ya tarehe 12 Aprili tuliisali kila jamaa nyumbani kwake. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili mvua kubwa ikanyesha milimani, na mto Mulongwe ukaacha njia yake ukaingia mjini. Watu makumi kadhaa walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, mitambo ya maji ya mji ikaharibika. Basi tazameni taabu yetu: redio ilituambia tunawe mikono mara nyingi wala tusisongamane, na siku zilezile watu waliopoteza nyumba walikuwa wakilala wengi pamoja chini ya paa moja, na maji wakiyateka ziwani. Na kila mtu wa Uvira anajua maji ya ziwa yaweza kuleta nini. Kolera kwetu si mgeni, ni jirani mbaya anayejua mlango.

Makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, tukaimba sana. Lakini katika mwezi wa Desemba ugonjwa ulizidi tena nchini, na serikali ikaamuru kila mtu awe kwake tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Kwa hiyo mwaka ule mkesha wa mwaka mpya haukuwapo. Jioni ya tarehe 31 kila mtu alikuwa akiharakisha kurudi nyumbani. Nilipita kwa mama mmoja ambaye niliwafundisha watoto wake katekismu. Nyumba yake ilichukuliwa na Mulongwe, akaja kukaa kwa kaka yake huku Nyamianda. Nilimkuta akichagua ndagala katika sinia.

"Poleni na mwaka, mama," nikamwambia. "Usihuzunike. Mwaka ujao utakuwa mwema."

Akainua kichwa. Hakukasirika hata kidogo. Akasema: "Mwalimu, na mwaka jana mlituambia hivyohivyo."

Sikuwa na la kujibu. Nikaaga, nikaenda zangu.

Njiani nilijiuliza: Je, nilikuwa nimesema uongo? Mwezi wa Desemba 2019 kweli tuliambiana vile, na siku zilezile ugonjwa ulikuwa umekwisha kuzuka Wuhan katika nchi ya China, wala sisi hatukuwa na habari. Mtu aweza kunitetea na kusema kwamba hayo ni maneno ya adabu tu, kama vile tunavyojibu "njema" tukiulizwa habari, hata kama tuna homa. Sikatai. Adabu ni kitu kizuri. Lakini mtu aliyekaa katika matope anatazamia kwa mwalimu wa dini kitu kilicho kizito kuliko adabu.

Mzee mmoja mvuvi alinipa mfano siku zile. Ninyi mnaokaa pwani mwajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi na taa zao, kwa maana ndagala hawakusanyiki penye taa wakati ziwa lote lina mwanga. Wavuvi hukaa nchi kavu, hushona nyavu, hungoja giza lirudi. "Korona," akaniambia mzee, "ndiyo mwezi mpevu. Shoneni nyavu, mngoje." Mfano huu ulinipendeza sana, nikautumia hata katika mafundisho. Lakini baadaye niliona kasoro yake. Mvuvi hatumaini kwamba mwezi utapungua, anajua. Ahesabu siku kwa vidole. Nani katika mwaka 2020 aliweza kuhesabu siku za korona? Shirika la Afya la Dunia halikusema kwamba hatari kubwa imekwisha mpaka tarehe 5 Mei 2023. Mtume Paulo awafundisha Warumi kwamba mtu hatumaini tena kitu anachokiona tayari. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aeleza kwamba kitu tunachokitumaini ni chema, hakijafika bado, ni kigumu kukipata, tena chawezekana. Ukiondoa ule ugumu, matumaini hayapo. Pamebaki kungoja tu, kama kungoja motokari.

Katika Biblia wako watu wawili walioshindana hasa juu ya jambo hili. Mmoja ni Hanania, wa pili ni Yeremia. Wababiloni walikuwa wamekwisha kuchukua vyombo vya Hekalu na watu wengi utumwani. Hanania akasimama Hekaluni, akatangaza kwamba katika miaka miwili yote yatarudi. Miaka miwili tu! Watu walifurahi. Hata akaitwaa ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele yao. Yeremia alijibu nini? Kwanza alisema "Amina", Bwana na afanye hivyo. Hakuchukia habari njema. Naye alitamani iwe kweli. Lakini hakuwa ameisikia kwa Mungu, na baadaye akamwambia Hanania wazi kwamba anawatumainisha watu uongo. Kwa wale waliokuwa utumwani akaandika barua ya namna nyingine kabisa: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, maana miaka itakuwa 70.

Tuone lugha yetu wenyewe. Twaweza kusema "Mwaka ujao utakuwa mwema", tena twaweza kusema "Mwaka ujao uwe mwema". Tofauti ni ndogo sana mdomoni. Lakini neno la kwanza ni utabiri, na la pili ni sala. "Uwe mwema" ndiyo ile Amina ya Yeremia. "Utakuwa mwema" ni neno la Hanania, isipokuwa kama Mungu mwenyewe amekuambia.

Siku hizi, kila mwezi wa Januari, wako wahubiri wanaoupa mwaka jina: mwaka wa ushindi, mwaka wa kufunguliwa. Sisi Wakatoliki tusiwacheke upesi, maana mimi nilifanya jambo lilelile penye sinia ya ndagala. Miaka iliyofuata ikatujibu. Katika mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda kupita kiasi, likaingia katika nyumba za pwani yetu, na mwaka uleule ugonjwa wa mpox ukaenea katika Kivu ya Kusini, ukatufikia na sisi. Vita nisivitaje. Mtu aliyeahidiwa mwaka wa ushindi, akapata mwaka wa namna hiyo, mara nyingi hamkasirikii aliyemwahidi. Amkasirikia Mungu. Hayo ndiyo madhara ya tumaini la uongo, nami nayaona makubwa kuliko tunavyofikiri.

Kanisa hutufundisha kwamba twaweza kukosa juu ya fadhila ya matumaini kwa njia mbili: kwa kukata tamaa, na kwa kujidai mbele ya Mungu. Zamani nilidhani njia hizo zinaelekea pande mbili tofauti. Mwaka wa korona ulinifundisha kwamba zinafika mahali pamoja. Nilimsikia mmoja akisema: "Damu ya Yezu yanilinda, sina haja ya kunawa." Nikamsikia wa pili: "Hata tukinawa tutakufa tu." Wa kwanza aliimba, wa pili alilia. Lakini bidoni ya maji mlangoni mwa wote wawili ilikuwa tupu.

Tena sikieni habari ya chanjo ya kolera. Baada ya mafuriko yale, kati ya Julai na Oktoba 2020, watu wa Uvira walipewa chanjo ya kunywa. Wataalamu walipofuata habari zake mjini mwetu waliona kwamba hata dozi moja, baada ya mwaka mmoja na zaidi, ilipunguza hatari ya kuugua karibu nusu. Nusu! Mwenye kukata tamaa atasema nusu si kitu. Mwenye kujidai atasema, nimekunywa dawa, sasa naweza kunywa maji ya ziwa. Mwenye matumaini hunywa dawa, kisha huchemsha maji.

Katika ziwa letu hilihili, ng'ambo ya Tanzania, aliishi mtu wa namna hiyo. Jina lake Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa akingali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe. Wakampeleka kusoma uganga katika kisiwa cha Malta, na katika mwaka 1889 akafika Karema, awe mganga na katekista. Fikirini siku zile. Malale haikuwa na dawa yoyote. Antibiotiki hazikuwapo duniani. Angeweza kusema: nitaanza kazi dawa zitakapopatikana. Akafanya kazi kwa kile kilichokuwamo katika sanduku lake, akaendelea hivyo zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Kati ya miaka hiyo yote ni mingapi iliyokuwa myema? Vita mbili kubwa zilipita, na homa kubwa ya mwaka 1918 iliyoua watu wasiohesabika katika Afrika nzima. Kila mwaka mpya ulimkuta kazini.

Nirudi kwa Yeremia, maana sijasema tendo lake kubwa. Wababiloni waliuzingira mji wa Yerusalemu, na ndani ya mji kulikuwa na njaa na tauni. Yeye mwenyewe alikuwa mfungwa, na alijua kwamba mji utaanguka, maana ndiye aliyetangaza hivyo. Siku hizo akanunua shamba. Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaagiza hati itiwe katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Shamba lenyewe lilikuwa huko Anatoti, mahali asipoweza hata kwenda kulitazama. Hakusema kwamba mwaka ujao utakuwa mwema. Alisema kwamba siku moja watu watanunua tena mashamba katika nchi ile, akatoa fedha yake.

Katika mwezi wa Februari 2021 nilikutana tena na yule mama asubuhi, kwenye njia ya kupanda mlimani. Alikuwa amepumzika kando ya njia, mbele yake fungu kubwa la miti ya muhogo ya kupanda. Nikamsalimu, nikamwuliza shamba ni la nani. Akasema kaka yake amempa kipande.

"Lakini mama," nikasema, "muhogo hukaa mwaka na zaidi. Je, utakuwa ungali hapa?"

"Sijui, mwalimu," akajibu. "Wewe nitwishe mzigo."

Nikaushika mzigo, lakini sikumtwisha. Niliuweka begani mwangu mwenyewe. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na njia ilikuwa ingali na matope.