Kidogo na Kikubwa katika Mkono Mmoja

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kusini, akishauvuka Mto Rufiji na kuyapita mashamba ya mikorosho, hufika Nangurukuru. Ni njia panda. Basi husimama, wachuuzi hukimbilia madirishani, na abiria hugawanyika. Waendao Kivinje na Kilwa Masoko huishika barabara ielekeayo baharini. Waendao Lindi na Mtwara huendelea kusini. Mahali hapo pafaa kuulizwa swali ambalo njia zote mbili zina jibu lake, wala majibu hayo hayafanani. Mtu afanyaye kazi ndogo na kazi kubwa, afanya kazi moja au mbili? Na ile kubwa ikiushinda mwili wake, akaazima mikono ya wengine, yabaki kuwa yake?

Na ianze njia ya kusini. Kando ya mji wa Lindi ipo Kikwetu, ambayo wengi huijua kwa sababu ya kiwanja chake cha ndege. Huko ndiko alikozaliwa George Lilanga mwaka 1934, katika jamii ya Wamakonde. Alianza kwa kuchonga mpingo, kama walivyofanya wengi wa kabila lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa Dar es Salaam, na kwa msaada wa jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Haikuwa kazi ya usanii, bali ya ulinzi. Haukupita muda mrefu mlinzi akaingia ndani, akakaa pamoja na wasanii. (Yafurahisha kuwaza ni mangapi aliyokwisha kuyachora kichwani wakati wenye nyumba wakidhani analinda mlango tu.)

Humo alifanya kazi nyingi ambazo mtu aweza kuzishika kwa mikono miwili: michoro ya wino, picha za chapa, batiki, ngozi za mbuzi. Viumbe wake ni wale mashetani wa uchongaji wa Kimakonde, ila yeye aliwatoa gizani mwa mpingo akawavisha rangi. Wana masikio mapana, midomo iliyochomoza, matumbo ya mviringo, na vidole vichache kuliko wanavyostahili. Hawatishi. Wanatwanga, wanacheza ngoma, wanagombana, wanabebana. Katika kipande kidogo cha karatasi kila mmoja wao ni mzima, na kosa la mstari mmoja laonekana papo hapo, kwa kuwa hapana pa kulificha.

Baadaye zikaja mbao na turubai kubwa, nyingine zikipita mita moja kila upande. Hapo ndipo Lilanga anapomtatiza mtazamaji. Ukisimama karibu, wawaona wale wale mashetani wadogo, kila mmoja na shughuli yake. Ukirudi nyuma hatua kumi, watu wanatoweka. Yabaki mawimbi ya rangi yanayofukuzana, nyekundu ikiisukuma buluu, njano ikipenya katikati, wala jicho halina pa kutua. Picha ile ile ni ndogo na kubwa; ni hadithi ya watu kwa aliye karibu, na ni umbo tupu lisilo na jina kwa aliye mbali. Wapo wachoraji duniani waliozitenga kazi hizo mbili, asubuhi wakachora picha za ukubwa wa kiganja, jioni wakamwaga rangi kwenye ukuta. Lilanga alizitia zote katika ubao mmoja.

Washairi watalielewa jambo hili upesi. Muyaka bin Haji wa Mombasa akumbukwa hasa kwa mashairi mafupi, ambamo kina kikipotoka msikilizaji yeyote hukunja uso. Shaaban Robert alitunga mafupi, tena akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru wenye beti 3,000. Katika beti 3,000, nani ataugundua ubeti mmoja uliolegea? Mtunzi peke yake. Kazi kubwa basi humjaribu mtu kwa namna ambayo ndogo haimjaribu: humpa mahali pa kujificha. Lakini isidhaniwe kwamba udogo ni utakatifu. Dar es Salaam na Unguja zimejaa picha ndogo zilizopimwa ziingie katika sanduku la mtalii, twiga yule yule chini ya mti ule ule, mia kwa mia. Huo nao ni uvivu, ingawa ni wa ukubwa wa kiganja.

Jaribu la Lilanga lilikuja kwa njia ya mwili. Kisukari kilimshika, na katika miaka yake ya mwisho akakatwa miguu. Wakati huo huo jina lake lilikuwa limevuka bahari. Kazi zake zilikuwamo katika maonyesho ya Africa Remix, yaliyofunguliwa Düsseldorf mwaka 2004 kisha yakaenda London na Paris. Wanunuzi walitaka zaidi, tena kubwa zaidi. Jamaa na wanafunzi wake wakamsaidia. Alifariki dunia Juni 2005, na swali likabaki kwa wenye kununua na kuuza: ubao huu ni mkono wa nani?

Wako wasemao kwamba jina lililotiwa juu ya kazi ya mwingine ni uongo, basi. Wengine hujibu kwamba uchongaji wa Kimakonde haukuwa kazi ya mtu mmoja kujifungia chumbani. Palikuwa na mwalimu, palikuwa na vijana wa ukoo, na gogo moja lilipita mikononi mwa wengi. Hata Ulaya, Rubens wa Antwerp alikuwa na karakana nzima ya wasaidizi, wala hakuna aliyeziteremsha picha zake ukutani kwa ajili hiyo. Jibu hili la pili lina nguvu, lakini linaruka jambo moja. Kusaidiwa si aibu. Aibu huingia pale msaidizi anapofutwa, akalipwa kama kibarua na kusahauliwa kama kibarua, ili mnunuzi aendelee kuamini alichotaka kuamini. Na katika hilo mwenye kubeba lawama kubwa si mzee mgonjwa aliyekuwa na nyumba ya kulisha, bali soko lililotaka jina moja, wala halikutaka kusikia majina mengine.

Ajuta kwa kuchagua kusini na arudi Nangurukuru, ashike njia ya pili. Ifikapo mwisho, Masoko, huvukwa kwa chombo hadi Kilwa Kisiwani. Huko hata majengo yamepewa majina ya swali lenyewe: Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Ile kubwa, yenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, ilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. "Ilijengwa na" ni msemo tu. Mawe ya matumbawe yalichimbwa, yakachongwa, yakabebwa na watu ambao hata mmoja wao hajulikani.

Na kidogo? Kidogo cha Kilwa ni sarafu. Ile ya Ali bin al-Hasan, ya karne ya 11, yalingana na upana wa kidole gumba. Haina tarehe wala jina la mji. Ina jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mola upande wa pili, na pande hizo mbili zina kina kimoja, kwa hiyo sarafu ni ubeti ambao mtu huumaliza kwa kuigeuza mkononi. Sarafu zenye jina hilo zimeonekana hata Mtambwe Mkuu, Pemba, katika hazina ya vipande vya fedha zaidi ya 2,000 iliyofukuliwa mwaka 1984.

Basi hata udogo haukumwokoa fundi. Aliyezipanga herufi zile katika duara finyu, akahakikisha kina hakivunjiki, alifanya kazi ya mkono wake mwenyewe, bila msaidizi na bila pa kujificha, na jina lililobaki si lake. Lilanga angalau alitia sahihi. Na huko Dar es Salaam wapo watu wazima leo ambao, wakioneshwa ubao fulani mkubwa wa miaka ile ya mwisho, wangeweza kuweka kidole juu ya shetani mmoja mdogo pembeni na kusema nani alimpaka rangi.