Tulimcheka Stilgar, Kisha Tukapiga Makofi

Filamu ya tatu ya Dune imetangazwa kutoka Desemba 2026, nami ni mmoja wa wanaohesabu miezi. Kitabu inachotokana nacho, Dune Messiah cha Frank Herbert, kipo tangu 1969. Nimekisoma, mwisho naujua. Sasa nasubiri nini?

Swali hilo linanirudisha kwenye ukumbi wa sinema hapa Dar es Salaam, Machi 2024, nilipokwenda na mdogo wangu kuangalia sehemu ya pili. Kwa ambaye hajaiona: Paul Atreides, kijana wa ukoo wa watawala, baba yake anauawa, naye anakimbilia kwa Fremen, watu wa jangwani katika sayari ya Arrakis. Fremen wanamngoja mkombozi kutoka nje. Wanamwita Mahdi, tena Lisan al Gaib. Sisi wa Kiswahili hapo hatuhitaji kamusi: lisani ni ulimi, ghaibu ni yale yasiyoonekana. Ila utabiri wenyewe haukushuka kutoka ghaibu yoyote. Ulipandwa makusudi na Bene Gesserit, jumuiya ya wanawake wanaoendesha siasa kwa mgongo wa dini, ili mmoja wao akikwama kule akute watu tayari kumpokea.

Stilgar, kiongozi wa Fremen, kaamini mpaka basi. Paul akikana kuwa yeye ndiye Mahdi, Stilgar anaona hiyo ndiyo dalili yenyewe: Mahdi wa kweli lazima awe mnyenyekevu. Ukumbi mzima tulicheka.

Baadaye Paul anakwenda kusini. Anasimama mbele ya umati, anamtajia mtu mmoja siri za bibi yake, kisha anajitangaza. Watu wanalipuka. Mimi nywele zilinisimama. Nyuma yangu mtu akaanza kupiga makofi, nikajikuta nimo.

Kati ya kile kicheko na yale makofi, hakuna kilichobadilika. Utabiri ulikuwa uleule wa kupandwa. Paul mwenyewe alishaona katika maono vita takatifu vitakavyoua watu wasiohesabika kwa jina lake. Tuliambiwa yote, na bado tukashangilia.

Je, anayeshangilia ana sehemu yoyote katika hatia? Jibu jepesi ni kwamba kosa ni la kiongozi, umati ulidanganywa tu. Kwa Fremen nalikubali kwa sehemu kubwa. Wameonewa vizazi kwa vizazi. Mtu wa namna hiyo humlaumu kwa kutamani mkombozi. Lakini sisi wa kwenye viti hakuna aliyetudanganya, wala hatukuwa na shida ya kuokolewa. Tulitaka tu kujisikia wakubwa kwa dakika mbili tatu. Ndiyo maana naona hatia inapimwa kwa mambo mawili: ulijua nini, na kukaa kimya kungekugharimu nini.

Kwa kipimo hicho namheshimu Chani. Alijua tulichojua sisi, na zaidi ya hapo alimpenda huyo mtu. Wenzake wote walipopiga magoti, yeye aligoma, akaondoka. Kitabuni haondoki, anabaki na Paul. Badiliko hilo la mwongozaji, Denis Villeneuve, ndilo ninalotaka kuona linafika wapi.

Tukiwa kwenye bajaji mdogo wangu aliniambia, “Dada, sinema tu hiyo.” Sikumjibu. Nilikuwa nakumbuka mkutano wa kampeni niliotumwa kuripoti. Habari yangu ilisema umati ulilipuka kwa shangwe. Sikuandika kwamba nami nilibana daftari kwapani nikapiga makofi, wakati ahadi zile ndizo zilezile nilizoziripoti miaka mitano nyuma, na hakuna hata moja niliyoona imetimia. Kukaa kimya kungenigharimu nini? Hakuna. Nilikuwa kazini, nina kisingizio kabisa cha kutoshangilia.

Dune Messiah inaanza miaka kumi na miwili baada ya ushindi. Vita vimeua watu bilioni 61, na Paul anaitaja idadi hiyo mwenyewe, katikati ya mazungumzo. Tunaofanya kazi kwenye habari tunaufahamu utaratibu huo: marehemu wanaingia mwishoni mwa aya, kwa tarakimu. Villeneuve amewahi kueleza kwamba Herbert aliandika kitabu hicho kwa sababu wasomaji wa kile cha kwanza, cha 1965, walimfanya Paul shujaa, wakati yeye alikusudia onyo. Kumbe hata wao walipiga makofi.

Basi ninachosubiri ni kuona kama safari hii waliokufa watapewa sura, na kama nitaweza kuwaangalia bila kumtafuta Paul kwa macho. Sijiamini sana. Mdogo wangu ameshasema tutakwenda wote, na nimemwomba kitu kimoja: ngoma zikianza akaniona nainua mikono, anikanyage mguu.