Aliyebaki Kwenye Mivukuto

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walisema wazee. Mtoto aliyezaliwa penye moto wa chuma, hata asiposhika nyundo, atakamata mivukuto na kuupuliza moto ili mwenziwe afue. Kwa kawaida methali hii tunaitoa kwa kusifu. Tumemwona mtoto wa seremala akiranda ubao kabla hajajua kuandika jina lake, tukatikisa vichwa, tukasema damu hiyo. Lakini ndani yake mna watu wawili, anayefua na anayevukuta, na jembe likishafika sokoni linatajwa jina la mmoja tu.

Nimeikumbuka kwa ajili ya Harborne, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Birmingham, Uingereza. Kabla ya kuingizwa jijini mwaka 1891, Harborne kilikuwa kijiji cha Staffordshire, na pamoja na kulima, watu wake walifua misumari. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani: kibanda cha moto uani, mume na mke wakipiga nyundo, watoto wakisaidia kadiri ya nguvu zao. Mtoto wa hapo hakuulizwa atakuwa nani ukubwani. Kisha zikaja mashine, bei ya misumari ikaanguka, na ufundi ule wa majumbani ukafa. Sisemi ulikufa kwa huzuni; kazi iliyowakondesha watoto haililiwi sana.

Anayepita leo High Street ya Harborne alfajiri hukutana na watu wa zamu. Hospitali ya Queen Elizabeth iko Edgbaston, mwendo wa miguu tu kutoka hapo, na jengo lake jipya lilianza kupokea wagonjwa mwaka 2010. Wauguzi wake wametoka pande nyingi za dunia, na Wafilipino ni wengi miongoni mwao, kama ilivyo katika hospitali za umma za Uingereza kwa jumla. Hawakufika kwa bahati. Serikali ya Ferdinand Marcos, rais wa Ufilipino wa wakati huo, ilitunga sheria ya kazi mwaka 1974, na kupeleka watu ng'ambo kukawa mpango wa nchi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Waingereza walikuwa wakienda Manila kutafuta manesi. Tarehe 8 Desemba 2020, bibi Margaret Keenan wa miaka 90 alipodungwa chanjo ya Pfizer dhidi ya Uviko-19, ya kwanza duniani nje ya majaribio, katika hospitali ya Coventry, jirani na Birmingham, aliyeshika sindano alikuwa May Parsons, muuguzi mzaliwa wa Ufilipino. Mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa waliokwenda Windsor kupokea kwa Malkia nishani ya George Cross kwa niaba ya huduma nzima ya afya.

Mabinti wa kizazi hicho cha wauguzi, waliozaliwa huku au walioletwa wadogo, sasa wamefikia umri wa kuchagua chuo. Chuo Kikuu cha Birmingham kiko upande wa pili wa hospitali, na mnara wake wa saa huonekana kutoka mbali. Muulize binti wa namna hiyo kwa nini anataka udaktari, au uhandisi, au sheria, na mara nyingi jibu litaanzia nyumbani: mama aliyelala mchana na kuondoka jioni, aliyerudi asubuhi miguu imevimba na bado akauliza kama daftari la hesabu limesahihishwa. Nafanya bidii kwa ajili ya familia yangu, atasema.

Jibu hilo nalipenda, tena linanitia wasiwasi. Nalipenda kwa kuwa mtoto amejifunza kazi kwa macho, na elimu ya macho haisahauliki upesi. Wasiwasi wangu ni kwamba familia anayoitaja ina sura moja tu, ile iliyovaa sare. Nyuma ya sare kuna mtu mwingine ambaye huonekana kwenye simu kwa dakika chache tu, intaneti ikikatikakatika: mamkubwa au mama mdogo aliyebaki Ufilipino, Iloilo au Batangas, na bibi mgonjwa, aliyewalea wadogo wa mama wakati mama akiwa masomoni, na ambaye kila sanduku kubwa la sabuni, viatu na nyama ya kopo likifika kwa meli, yeye ndiye anayeligawa kwa ukoo na kulaumiwa na waliokosa. Huyo naye alikuwa na umri wa miaka 18 wakati fulani. Alitaka kuwa nani?

Wafilipino hawahitaji kwenda mbali kumtafuta mtu wa aina hiyo. Shujaa wao mkuu, José Rizal, aliyezaliwa Calamba mwaka 1861, husimuliwa kama mfano wa mtoto aliyesukumwa na mapenzi ya mama. Mama yake, Teodora Alonso, ndiye aliyemfundisha kusoma. Alipoanza kupoteza nuru ya macho, mwanawe akasomea tiba ya macho, akajifunza Paris na Heidelberg kwa mabingwa wa wakati ule, na alipokuwa Hong Kong akampasua mama yake jicho kwa mkono wake mwenyewe. Kisa ni cha kweli, na kitamu. Ila mama huyo huyo hakutaka kijana aende masomo ya juu. Mwaka 1872 Wahispania, waliokuwa wakiitawala nchi, walikuwa wamewanyonga mapadri watatu waliotetea haki za wenyeji, na mama aliona elimu ingempeleka mwanawe huko huko. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Rizal aliuawa kwa risasi tarehe 30 Desemba 1896.

Aliyeupuliza moto alikuwa kaka yake, Paciano, aliyemzidi miaka kumi. Naye alikuwa mwanafunzi Manila, akikaa nyumbani kwa padri Burgos, mmoja wa wale watatu. Baada ya mauaji masomo yake yakakatika. Akarudi Calamba, akashika mashamba ya miwa ya familia, akawa mtu wa bei ya sukari, mvua na vibarua. Mei 1882 ndiye aliyefanya mipango ya kumsafirisha mdogo wake kwenda Hispania bila wazazi kujua, na ndiye aliyemtumia fedha za matumizi. Mambo yalipokuwa magumu Calamba, posho ilipungua, na barua za Paciano zilisema kwa nini.

Barua yake moja ya mwaka huo wa 1882 ndiyo inayonishika zaidi. Rizal ameondoka kwenda Hispania kusomea udaktari, fedha zinatoka shambani. Mtu wa kawaida hapo angeandika: maliza upesi, tunakungoja. Paciano alimwandikia kwamba kwa maoni yake shabaha kubwa ya safari ile haikuwa kukamilisha udaktari, ilikuwa mambo mengine yenye manufaa zaidi, au yale ambayo moyo wake ungeelekea. Msomaji wangu, hebu lirudie jambo hilo. Yeye ndiye mlipaji, na yeye ndiye anayeufungua mlango. Miaka mingi baadaye, mwaka 1896, Wahispania walimtesa Paciano ili atoe ushahidi dhidi ya mdogo wake, hakutoa. Akawa jenerali katika mapinduzi, kisha akarudi kwenye kilimo, akafa mwaka 1930. Picha zake za uhai zinahesabika.

Kwetu Afrika Mashariki yupo Nderitu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, amesimulia kwamba hakupelekwa shule na baba wala mzee wa kijiji. Kaka yake Nderitu, kijana tu wakati huo, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao. Mama angeweza kusema binti anahitajika shambani, na hakuna ambaye angemlaumu miaka hiyo. Alifikiri, akasema hakuna sababu. Kutokana na swali hilo alikwenda shule ya msingi Ihithe, akafika Kansas mwaka 1960, akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Mvulana aliuliza swali, na mama mkulima akakubali kupungukiwa mikono miwili ya kazi. Tunapohesabu waliompandisha Wangari, tuwaweke hao wawili mbele ya wafadhili wote wa Marekani.

Basi tukubaliane kwamba ndoto ya mmoja huwa na gharama kwa mwingine. Hilo ni jepesi kulisema. Pagumu ni hapa: gharama hiyo isemwe vipi?

Katika nyumba zetu, Mombasa au Mwanza, mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa hutajiwa ng'ombe huyo hadi anapooa. Usisahau tulikotoka. Unajua dada yako aliacha shule kwa ajili yako. Maneno ni ya kweli, na yanamwingia mtoto kama amri ya mahakama. Wafilipino wanaijua lugha hiyo pia. Kwao mtoto wa kwanza wa kike hubebeshwa wadogo zake kabla hajabeba wake. Fedha zitumwazo Ufilipino kutoka ng'ambo hupita dola bilioni 30 kwa mwaka, na zile za Kenya, zaidi ya dola bilioni 4, zimeyaacha mbali mapato ya chai. Fedha hizo zimejenga nyumba na kununua dawa. Ndani yake pia mna manesi ambao wangekuwa walimu wa muziki, na wahasibu waliochagua uhasibu kwa sababu mjomba alikuwa ameshalipa.

Wapo watakaosema mwandishi huyu amelewa hewa ya Ulaya, anafundisha watoto kusahau fadhila. Sivyo. Mtoto asiyejua nani alimvukutia ni mtoto aliyepungukiwa malezi, na sioni aibu kumwambia hivyo usoni. Ninachokataa ni kunyamazishwa kwa hesabu mpaka siku mtoto anapotaka kuchagua, ndipo zitolewe zote kwa mpigo zimfunge mdomo. Paciano alisema mambo ya fedha kila yalipobadilika, mdogo wake akajua shamba likoje, na bado akaachiwa aelekee anakoelekea. Hata kwetu, mshairi Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alipokuwa mgonjwa mnamo 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi mrefu wa mawaidha. Mabinti wa leo wanagombana nao, hasa pale penye mambo ya mume, na wana haki ya kugombana. Lakini katika beti zote hizo hakuna mahali mama anapomhesabia mtoto gharama za kumlea.

Tuseme basi yupo binti Harborne, mama yake nesi, naye hataki uuguzi. Anataka usanifu majengo. Mama ataumia kidogo, kwa sababu uuguzi ndio mlango anaoujua na ndio uliowatoa. Anaweza kusema, kama wengi wanavyosema, usanifu si wa watu kama sisi. Afadhali amwite mezani siku ambayo hana zamu, ampe habari yote: mkopo wa kwanza ulilipwa lini, nani aliuza nini, nani aliacha shule, kodi ya nyumba ni kiasi gani, kila mwezi kinachokwenda Ufilipino ni kiasi gani na kitaendelea kwenda mpaka lini. Kisha aseme kwa kinywa chake kwamba deni hilo ni la mama na dada zake, si la mtoto. Na kama binti anataka uuguzi, aulizwe kwa makini yale yale. Wapo wanaoingia wodini kwa sababu wameupenda, na wapo wanaoingia kwa sababu hakuna aliyewauliza, mgonjwa huwatambua.

Mtoto aliyeambiwa hivyo hulegea? Wengine hulegea, sitaficha. Nimeona zaidi wale wanaokaza, kwa kuwa mtu hubeba kwa muda mrefu zaidi mzigo aliouinua mwenyewe. Na binti naye ana la kufanya, mbali na kufaulu mitihani. Ufilipino iko mbele ya Uingereza kwa saa saba wakati wa kiangazi na nane wakati wa baridi. Asubuhi ya Harborne, kule ni alasiri, bibi amekwisha kula, na yule mamkubwa pengine ameketi. Ampigie mwenyewe, asingoje mama ampe simu asalimie. Asimshukuru kwanza. Amuulize alitaka kusomea nini.

Huenda akaambiwa ni zamani hiyo, mwanangu, yameshapita. Asikubali upesi. Tangu sheria ya mwaka 2017, vyuo vikuu vya serikali vya Ufilipino havitozi ada kwa wanaosoma shahada ya kwanza. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyekatiza masomo hakwamishwi tena na karo; anakwama kwa kuwa hakuna wa kukaa na bibi mchana. Mshahara wa msaidizi wa nyumbani huko unaweza kuwa sehemu tu ya kinachotumwa kila mwezi kutoka Birmingham, na hilo ni jambo ambalo mama nesi na binti yake wanaweza kulipiga hesabu jioni moja mezani, kalamu mkononi, kabla ya kujaza fomu za chuo.