Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: fundi anayetengeneza nyumba ana haki ya kuwavunjia vyombo wanaokaa ndani yake?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Mwanzoni mwa 2019 nilikuwa naangalia seva ya ofisi moja hapa Kiembe Samaki. Programu zake ziliandikwa kwa PHP ya 5, ambayo matengenezo yake ya usalama yalikoma mwisho wa 2018. Mie kijana, damu inachemka! Usiku mmoja nikaing'oa, nikaweka ya 7. Asubuhi daftari la stoo halifunguki. Kumbe PHP ya 7, iliyotoka Disemba 2015, iliziondoa kabisa amri za zamani za kuzungumza na MySQL, na daftari zima lilisimama juu ya amri zile.

Bi Mkubwa wa stoo akaniita.

"Mwanangu, daftari langu liko wapi?"

"Programu yako imezeeka, Bi Mkubwa."

"Na mie je? Si nimezeeka zaidi yake?"

Sikuwa na la kujibu. Nikairudisha ya zamani.

Je, kubaki na ya kale ndio utu? Hasha. Programu isiyozibwa matundu ni mlango usio komeo; mwizi akiingia, zitakazopotea ni hesabu za Bi Mkubwa huyo huyo. Na siye wa Unguja tunajua kungojea kitu mpaka kife. Waya wetu wa umeme wa chini ya bahari ulilazwa 1980. Mwaka 2008 tukakaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, pampu za maji zimesimama, watu wanahangaika na ndoo. Waya mpya wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikuja 2013.

Basi kosa langu halikuwa kubadilisha. Kosa lilikuwa kumtwika mwengine gharama ya uamuzi wangu bila ya kumuuliza.

Mara ya pili nilikwenda taratibu. PHP zote mbili zikakaa katika seva moja, kila programu ikielekezwa kwa yake. Nikatoa nakala ya daftari, nikabadilisha amri moja moja, nikamwita Bi Mkubwa aijaribu. Akaona jumla ya mwezi imekosewa. Mie nisingeiona hata kwa miwani. Tukawekeana na siku ya kuifunga ya zamani, maana bila ya siku, ya kale haitoki milele. Kazi ya usiku mmoja ikala wiki saba. Lakini safari hii wiki hizo nilizilipa mie, hakuzilipa yeye.

Na ile 7 niliyoringa nayo? Ilikoma Novemba 2022. Leo mgeni, kesho mzee.

Vijana wenzangu, sote tunapenda kuja na jipya: katika kompyuta, katika siasa, hata katika hizi hadithi na mashairi yetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nusu ya kwanza tunaijua kwa moyo. Ya pili nani anaiuliza?