Mkuu wa Kazi Naye Apumzike

Masomo: Kutoka 18:13-24, Marko 6:30-46



Kila mwaka, Majilio yakiingia na mvua za kwanza zikianguka hapa kwetu Mwankoko, tunajua kwamba watoto wetu walio makazini wako karibu kuja. Wengine hutoka Dodoma, wengine Arusha na Dar es Salaam. Kati yao wamo wakuu wa shule, waganga wafawidhi, mameneja na maofisa wa halmashauri. Tunawachinjia kuku, tunakaa nao chini ya mti, na hapo ndipo tunapoliona jambo lililotufanya tuandike haya. Mwili umefika Mwankoko, bali moyo umebaki ofisini. Simu haitoki mkononi. Katikati ya sala ya chakula inalia, naye anainuka kwenda nyuma ya zizi kutoa amri. Siku ya tatu anaaga, amechoka kuliko alivyokuja.

Hatuandiki ili kuwacheka. Sisi wenyewe tulikuwa hivyo, tena kabla simu za mkononi hazijajulikana.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa makamu wa mkuu katika chuo kimoja cha ualimu, mbali na hapa. Likizo ya Krismasi ilipofika mkuu wetu alikuwa safarini, na chuo kikawa chini yetu. Zamu tulimwachia mwalimu kijana, mtu mwaminifu. Lakini funguo za kasha la fedha pamoja na mhuri wa chuo tulivitia katika mkoba wetu tukaondoka navyo. Tulijiambia kwamba huo ni uangalifu. Wanachuo wachache ambao kwao ni mbali walikuwa wamebaki bwenini. Siku mbili kabla ya Krismasi mmoja wao, binti, aliletewa habari kwamba mama yake amefariki. Fedha ya dharura ilikuwamo kashani, yatosha nauli na kubaki, ila mwalimu wa zamu hakuwa na ufunguo. Alikopa huku na huku kwa majirani, na nauli ilipotimia siku mbili zilikuwa zimekwisha kupita. Binti alifika kwao akakuta kaburi limefunikwa.

Na sisi siku hizo tulikuwa wapi? Tulikuwa hapa Mwankoko, mkoba u chini ya kitanda, tukihesabu moyoni magunia ya mahindi ya chuo na kujiuliza kama mlinzi amelala. Mama watoto alituuliza, “Mwalimu, umekuja likizo, au umehamishia chuo hapa?” Tukakasirika. Tuliporudi Januari ndipo tulipoambiwa habari yote. Yule binti hakutulaumu hata kwa neno moja. Alitupa shikamoo kama siku zote, nasi tukaitika marahaba kwa shida, na salamu ile tunayo mpaka leo. Siku zile hatukupumzika wala hatukufanya kazi. Tulichokiita uangalifu kilikuwa kiburi, maana tulidhani hakuna awezaye kushika ufunguo ila sisi.

Basi tuliangalie neno la Mungu. Katika Marko 6 mitume wamerudi kutoka kazini, wanamweleza Bwana yote waliyotenda. Watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata mitume wakakosa nafasi ya kula. Bwana hakuwaagiza waongeze bidii. Aliwaita waende naye mahali pasipo watu, wakapumzike kidogo. Angalieni kwamba hawa hawakuwa wavivu, wala kazi haikuwa imekwisha. Wagonjwa walikuwa bado wako, wenye njaa walikuwa bado wako. Bwana aliwapumzisha kazi ingali nyingi, kwa sababu anayengoja kazi iishe ndipo apumzike atapumzikia kaburini.

Mtu atasema, “Lakini watu waliwafuata mbio, na Bwana akawahurumia, akawafundisha.” Ni kweli. Huruma inaweza kukatiza pumziko. Lakini tusome mpaka mstari wa 46. Alipokwisha kuwalisha, aliwatanguliza wanafunzi wake chomboni, akaagana na makutano, akaenda mlimani kuomba. Pumziko lilikatizwa, halikufutwa.

Musa naye alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na wote wakasimama foleni mbele yake. Mkwewe Yethro alipoona alimwambia wazi kwamba jambo lile si jema, kwa kuwa atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye. Hapo pana neno la kushika. Mkuu asiyepumzika hajichoshi peke yake. Huwachosha na wale waliomngoja mlangoni. Yethro akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, mambo makubwa tu yaletwe kwa Musa. Tena katika Kumbukumbu la Torati 5:14-15 amri ya Sabato inatolewa kwa mwenye nyumba ili mtumwa wake na mjakazi wake wapumzike vilevile kama yeye, na sababu ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri. Farao hakujua likizo. Mkuu anayewanyima watu wake pumziko, au anayejinyima mwenyewe hata wao wakaona haya kupumzika, ameanza kufuata nyayo za Farao.

Sisi wa Mwankoko tunalo fundisho karibu zaidi. Visima virefu vilivyochimbwa hapa kwetu na kule Irao ni miongoni mwa vinavyowapa maji watu wa Singida mjini. Mwenye kisima, kiwe kirefu cha pampu au kifupi cha kamba, anajua kwamba ukiteka bila kupumzika maji hushuka. Wakati wa kiangazi mama zetu huteka ndoo chache alfajiri, kisha hukiacha kisima maji yajikusanye. Hakuna anayekiita kisima hicho kivivu. Wanaokiacha ndio watakaopata maji jioni.

Serikali nayo imeweka ukuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na pumziko la saa 24 kila juma. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 45 kwa juma. Lakini sehemu ile ya saa za kazi inawaacha nje wanaosimamia wafanyakazi wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa wakuu wa juu. Maana yake, mkuu anayo likizo yake ya mwaka, ila saa zake hakuna anayemhesabia. Ukuta huo lazima ajijengee mwenyewe. Tena si jambo dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Wako watakaotukumbusha kwamba nchi yetu ilijengwa kwa jasho. Tulikua tukisikia habari za “Uhuru na Kazi”, na vijana tangu 2015 wakasikia “Hapa Kazi Tu”. Hatupingi kazi, sisi ni walimu na wakulima. Ila tukumbuke pia jambo alilolifanya Mwalimu Nyerere. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi Januari 1962, wiki sita tu baadaye, alijiuzulu Uwaziri Mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Hakwenda kulala, alikwenda kukijenga chama cha TANU kati ya wananchi. Lakini aliweza kuinuka katika kiti kikubwa kuliko vyote, katika nchi changa, akampa mwenzake. Nchi haikuanguka. Sembuse ofisi yetu kwa siku kumi?

Tunawashauri basi ninyi mlio wakuu wa kazi, na sisi wazazi wenu pamoja nanyi:

Kwanza, kabidhini kwa ukamilifu. Anayeachiwa zamu aachiwe na funguo, na mhuri, na fedha ya dharura, na karatasi inayosema ni mambo gani anaweza kuyaamua bila kuuliza. Zamu isiyo na ufunguo ni mzigo bila mpini.

Pili, patanani mapema dharura ni nini. Bwana alisema habari za ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato (Luka 14:5), na hakuna asiyemtoa. Kifo, moto, ugonjwa, hayo ni ng'ombe kisimani. Taarifa ya mwezi si ng'ombe. Itangoja.

Tatu, msiwatumie wa chini yenu maagizo siku za sikukuu. Mkuu akiandika katika kundi la simu saa tatu usiku, hata akiongeza kwamba si haraka, aliye chini yake hatalala.

Nne, ziko kazi zisizofungwa, kama za wauguzi, polisi na mitambo ya maji. Huko mpokezane. Aliyeshika zamu Krismasi hii apumzike ijayo, na mkuu mwenyewe aichukue zamu yake.

Tano, neno hili ni letu tuliobaki nyumbani. Mtoto akija kupumzika tusimgeuze benki wala mwenyekiti wa kila kikao cha ukoo. Tusimvizie mlangoni mwa kanisa tumfanye mgeni rasmi wa kila mchango. Akitaka kushika jembe akapande alizeti pamoja na wadogo zake, aachwe. Jembe limemponya mtu mwingi aliyechoka na karatasi. Akitaka kukaa kimya, naye aachwe. Na kasisi wetu pia ni mkuu wa kazi, tena Krismasi ndiyo siku yake nzito. Zikiisha ibada, wazee wa kanisa wampe siku zake, wasimgongee kwa yasiyo ng'ombe.

Mwana wa Mungu mwenyewe alikuja kwetu akiwa mtoto mchanga, akalala, akalelewa na mikono ya wengine. Kama Yeye alikubali kulala ulimwengu ukiwa katika ulinzi wa Baba, sisi ni nani hata tukeshe kana kwamba ulimwengu ni wetu?

Tuombe: Ee Bwana, wewe husinzii wala hulali. Utufundishe kukuachia funguo tulizozing'ang'ania, utusamehe waliolia kwa ajili ya kiburi chetu, na uwape pumziko wote wanaoongoza wenzao, ili warudi kazini na moyo wa huruma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia Krismasi njema.