Mavazi ya Mpiga Picha Arusini

Liko swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, lakini kila lichunguzwapo huzidi kukua: mpiga picha aliyeajiriwa kupiga picha za arusi avae nini? Wapo watakaosema kwamba hilo si jambo la kufikiriwa na wenye hekima, ni jambo la sanduku la nguo. Mtu avae alicho nacho, mradi picha zitoke safi. Wapo wengine watakaosema kinyume chake, ya kwamba aingiaye katika shughuli ya watu hana budi kuvaa kama watu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina upungufu, na kwamba vazi la mpiga picha lafaa kupimwa kwa kipimo kimoja: je, lasema kweli juu ya kilichomleta mahali pale, na je, lamwachia nafasi ya kukitenda?

Tuchukue mfano wa Osukuru, katika Wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Malaba. Wateso wanaokaa huko wana ndugu zao ng'ambo, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya. Mpaka uliochorwa na Waingereza uliigawa jamii hiyo sehemu mbili, lakini haukuukata undugu wala haukuzuia watu kuoana. Hivyo, mpiga picha mwenye chumba chake cha kazi kando ya barabara ya Tororo aweza kuitwa Jumamosi moja kwenye sherehe ya utambulisho nyumbani kwa wazazi wa bibi arusi upande wa Uganda, na Jumamosi ya pili akaitwa kanisani Amukura upande wa Kenya. Kazi yake ni ileile, lakini lugha ya mavazi si ileile.

Nasema lugha kwa makusudi. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi wetu kwamba usemi hufuata mahali: namna ya kuzungumza sokoni siyo ya msikitini, na barua kwa rafiki haifanani na barua kwa mkuu wa shule. Mavazi nayo ni vivyo hivyo. Katika sherehe za utambulisho nchini Uganda, mwanamume wa heshima huvaa kanzu na koti juu yake, na mwanamke huvaa gomesi. Kanzu iliingia Buganda katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, na jina lake likaja nayo. Lakini maana yake haikubaki palepale. Pwani, mtu akivaa kanzu na kofia hudhaniwa upesi kuwa Mwislamu. Uganda, Mkristo na Mwislamu huivaa sawasawa wanapokwenda kuposa. Vazi, kama neno, likihama nchi hujifunza maana mpya.

Sasa, mpiga picha wetu aivae kanzu? Wenye kusema ndiyo watatukumbusha methali: ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Methali hiyo ni ya haki, lakini yamhusu mgeni. Mpiga picha si mgeni kamili, wala si jamaa. Katika sherehe ile, kanzu yaonyesha upande: wanaume wa bwana arusi huingia uani kwa mstari, wamevaa kanzu, nao hutazamwa na kuhesabiwa kama watu waliokuja kuomba mke. Mpiga picha akijitia katika mstari huo kwa vazi lake, amesema kwa nguo neno ambalo kwa kinywa asingelisema. Uongo huo ni mdogo, naam, lakini umetamkwa mahali ambapo watu wamekutana ili kila mmoja ajulikane ni nani na amekuja kwa ajili gani. Ikiwa wenye shughuli wenyewe wamemtaka aivae, hapo hapana uongo, kwa kuwa wamjua. Ubaya ni kuivaa ili apate heshima isiyokuwa yake.

Je, basi aje na nguo yoyote? Fikiria mtu aliyevaa fulana iliyochakaa, yenye tangazo la biashara kifuani, akisimama hatua mbili kutoka madhabahuni wakati wa viapo. Wazazi waliomlea bibi arusi wako nyuma yake. Wamwona yeye kwanza, na mtoto wao baadaye. Atajitetea kwamba yeye yuko kazini. Lakini kazi ndiyo iliyompa ukaribu huo ambao hata shangazi na mjomba hawakupewa. Ukaribu wa kuazimwa wadai adabu zaidi, si pungufu. Tena, adabu hiyo haihitaji suti ya bei kubwa. Nguo safi, iliyopigwa pasi, ya rangi moja iliyopoa, yatosha.

Hata ufundi wenyewe wakubaliana na adabu hapo. Shati lenye rangi kali, mpiga picha akikaribia, hurudisha rangi yake juu ya shela nyeupe na juu ya nyuso. Viatu vya soli ngumu hugonga sakafu ya kanisa watu wanapoomba. Na katika Uganda yako mengine ya kuangaliwa: manjano ni rangi ya chama cha NRM na nyekundu ni ya NUP, na wageni waliokaa meza moja kwa amani hawapendi kukumbushwa uchaguzi. Koti lenye mifuko mingi la mabaka ya kijeshi ni hatari zaidi, kwani sheria ya nchi hiyo yamkataza raia kuvaa mavazi ya jeshi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kusudi la nguo iliyopoa ni kujificha. Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908–2004), mpiga picha mashuhuri, alizoea kuzifunika kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ili watu wasimtambue njiani. Hiyo ni desturi ya mwenye kuwinda tukio la ghafla. Arusini mambo ni mengine. Waliohudhuria wana haki ya kumjua mpiga picha ni yupi, ili atakaye kupigwa amwite, na asiyetaka amwambie, "Mimi usinipige." Vazi jema lamfanya asitazamwe sana, lakini atambulikane mara atafutwapo.

Swali huwa zito zaidi mpiga picha anapokuwa mwanamke. Gomesi ni vazi refu lifikalo chini, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Lina heshima yake, lakini halikushonwa kwa ajili ya mtu wa kupanda juu ya kiti, kuchutama, na kukimbilia gari la maarusi. Akilivaa, kazi itaharibika naye atalaumiwa. Akivaa suruali, baadhi ya wazee watanong'ona. Hapa yatupasa kukumbuka historia yetu. Tanzania ilitangaza Operesheni Vijana mwisho wa 1968 dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine. Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi Uganda mwaka 1972. Na sheria ya Uganda ya 2014 dhidi ya ponografia ilipopitishwa, wako wanawake walioshambuliwa njiani kwa ajili ya nguo zao, mpaka Mahakama ya Katiba ilipovibatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Mara nyingi mzigo wa heshima ya jamii nzima umetwikwa mwili wa mwanamke peke yake.

Kwa hiyo nashikilia kwamba heshima inayomzuia mtu kutenda kazi aliyoitiwa si heshima, ni kikwazo. Wako wanaovaa suruali pana na kufunga leso kiunoni waingiapo uani mwa wazee. Ni suluhisho la busara, mradi limetoka kwa mwanamke mwenyewe na mwenzake wa kiume naye apimwe kwa mizani ileile. Na mwenye arusi anayetaka vazi maalumu na aseme mapema, tena achangie gharama. Si haki kumdai kijana asiye na kitu avae suti, kisha kumpunguzia ujira. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako.

Mwisho, tutazame pwani, ambako uwezo wa vazi wafikia kikomo. Katika sherehe za wanawake Mombasa, Lamu na Zanzibar, bibi arusi anapopambwa na wenzake wakavua mabuibui, mwanamume haingii, hata akivaa nini. Mpiga picha mwanamke huruhusiwa, lakini naye hubeba amana: sura alizozichukua mle ndani zisitoke nje kwa macho yasiyohusika. Vazi lake lilimfikisha mlangoni kwa staha, lakini ni mwenendo wake baada ya arusi utakaoonyesha kama staha ile ilikuwa ya kweli.

Hapo ndipo lilipo jibu. Vazi la mpiga picha ni ahadi. Lasema: "Siku hii si yangu, nimekuja kuitunza kwa ajili yenu." Avaaye ovyo amekataa kuitoa ahadi hiyo, avaaye kwa fahari kuwashinda maarusi ameivunja mbele ya macho yao, na avaaye vizuri, kisha akazisambaza picha za watu bila idhini, ameivunja kwa siri, nako ndiko kuvunja kubaya kuliko kote. Walimu wenzangu wanaweza kulipeleka swali hili darasani kwa mjadala, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi sasa wana kamera ndani ya simu zao, na kila arusi wanayoalikwa nao ni wapiga picha, wajue wasijue.