Nani Aliyeiona Pembe?

Kiswahili kililipokea neno tajiri kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mfanyabiashara, mtu wa kununua na kuuza. Kilipolizoea kikaligeuza: tajiri akawa mwenye mali, na hata leo dereva wa daladala humwita tajiri yule mwenye gari analoliendesha. Kazi imesahauliwa, mali imebaki. Katika badiliko hilo limejificha swali la kimaadili: mali ikishatengana na kazi iliyoizaa, ni nani atakayejibu kwa jinsi ilivyopatikana?

Swali hilo humkabili kila kijana anayechagua njia yake katika biashara, awe Muscat, London au Minneapolis. Mbele yake kuna uhasibu, ukaguzi wa hesabu, benki, bima, ugavi, masoko, au kuanzisha shughuli yake mwenyewe. Wazazi humuuliza kuhusu mshahara. Walimu humuuliza kuhusu kipaji. Maswali yote mawili ni ya haki, kwani aliye ugenini ana kodi ya nyumba ya kulipa na jamaa wanaomtazamia. Lakini lipo swali la tatu, ambalo aghalabu haliulizwi: njia hii itamwezesha kuona nini, na itamzuia asione nini?

Biashara ya pembe za ndovu katika karne ya 19 yaweza kulifafanua swali hili. Pembe iliyotoka Manyema ilipita Ujiji na Tabora, ikashuka Bagamoyo, ikavuka hadi Unguja. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, shehena nyingi ziliendelea hadi Marekani, na ndiyo maana kitambaa kilicholetwa kuzilipia kiliitwa merikani. Mwisho wa safari, pembe ilikatwakatwa katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut, ikawa vichana na vibao vyeupe vya kupigia piano.

Mnyororo huo ulikuwa na kazi nyingi, na kila kazi ilikuwa na ustadi wake. Alikuwako mpagazi aliyebeba. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kuionea fahari; wengine walikuwa mateka. Alikuwako kiongozi wa msafara, na mashuhuri kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Alikuwako mkopeshaji, kama Taria Topan wa Unguja, aliyempa Tippu Tip mali ya kuanzia safari naye akangoja pembe. Walikuwako makarani, madalali wa sokoni, mawakala wa makampuni ya kigeni, na mwenye karakana ng'ambo ya bahari.

Tippu Tip aliona kila kitu. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anasimulia safari, vita na hesabu za mali kwa utulivu wa mtu anayeeleza kazi yake ya kila siku. Kuona kwake hakukumzuia. Nyuma yake kulikuwa na deni, na deni la msafara halikulipwa kwa huruma; lililipwa kwa frasila.

Upande wa pili wa bahari, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya pembe kijijini Deep River, George Read, alikuwa mpinzani wa utumwa. Alimpokea na kumhifadhi mtu aliyetoroka utumwani katika majimbo ya kusini. Tendo hilo lilikuwa la ujasiri, wala si haki kulibeza. Hata hivyo, kijiji kilichompa mtoro hifadhi kiliendelea kujengwa kwa pembe ambazo baadhi yake zilifika pwani mabegani mwa watumwa. Dhamiri yake haikuwa ya uongo. Ilikomea pale upeo wa macho yake ulipokomea.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Katika mnyororo ule, aliyekuwa na habari hakuwa na dhamiri ya kumzuia, na aliyekuwa na dhamiri hakuwa na habari. Mgawanyo wa kazi ulikuwa umegawanya pia wajibu, hata ukawa mdogo mno kwa kila mmoja kuuhisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ile daftari lilikuwako, safi na lenye mpangilio, likiorodhesha vitambaa, shanga na frasila. Waliopotea bila habari ni watu, kwa sababu hawakuwa na safu yao.

Mpinzani atasema kwamba hoja hii yadai makubwa kupita kiasi. Karani akitakiwa kuujua msafara mzima kabla hajaandika tarakimu moja, hakuna jahazi litakaloondoka. Hoja yake ina nguvu: biashara huishi kwa kuaminiana, na kuaminiana maana yake ni kutolazimika kuona yote. Lakini kutojua si sawa na kukaa mahali ambapo kuuliza kumekatazwa. Anayemwamini mwenzake huweza kumwuliza swali bila kuvunja uhusiano. Pale ambapo swali moja tu latosha kumpotezea mtu kazi, hakuna tena amana. Kuna ukimya unaolipwa mshahara.

Wala suala hili halikuzikwa pamoja na misafara. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, inayotumika katika betri za simu na magari, huchimbwa kusini mwa Kongo, karibu na Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo huzungumza Kiswahili. Mnunuzi wa madini, ofisa wa ugavi, mkaguzi, mtu wa masoko na mwenye hisa wote wamo katika njia hiyo. Kijana aliyesomea biashara ughaibuni, ambaye lugha ya mama yake ndiyo lugha ya shimoni, aweza kukalia kiti chochote kati ya hivyo. Aweza kuwa mtu wa kwanza katika ofisi yake kuielewa sauti ya mchimbaji bila mkalimani.

Ernst Moore, aliyekuwa wakala wa kununua pembe Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye alichapisha kitabu, mwaka 1931, kilichofichua ukatili wa biashara iliyomlisha. Kwake habari na dhamiri zilikutana hatimaye katika mtu mmoja, lakini baada ya kazi kwisha.

Kwa hiyo hakuna njia ya biashara iliyo safi kwa jina lake, wala iliyo najisi kwa jina lake. Mhasibu aweza kuwa jicho au pazia. Dalali, ambaye asili ya jina lake katika Kiarabu ni kuonyesha, aweza kuonyesha au kuficha. Anayechagua na atazame mshahara, na atazame kipaji. Kisha, kabla ya kutia sahihi, aulize ni nani atakayebeba hasara ambayo haitaandikwa daftarini, na kama katika kiti anachopewa ataruhusiwa kumtaja.